Gari la Ng'ombe wa Leokadia

Gari la umeme lilishushwa kwenye uwanja wa kinu cha mpunga siku ya gulio la Igurusi, na wachukuzi wote wakaitwa walitazame. Lilikuwa jeupe, fupi, uso wake bapa kama kabati la vyombo. Ipyana, msimamizi wa kinu, kijana wa Kinyakyusa aliyesomea ufundi mjini Mbeya, alikuwa akilifuta kwa leso ingawa lilikuwa halijapata vumbi bado.

"Boneti yake iko wapi?" aliuliza Isaka, mkongwe wa wachukuzi wote pale.

"Halina boneti, mzee Isaka. Betri iko huku chini."

"Kwa hiyo likinizimikia katikati ya mbuga nifungue nini? Mlango, nikae nisali?"

"Unapiga simu, fundi anakuja."

"Na simu nayo ikizima?"

Watu wakaangua kicheko. Masanja hakucheka. Alikuwa ameegemea madigadi ya Bedford lake, lori lenye pua ndefu lililokwisha kuzeeka hata kabla halijafika kwao, na kiganja chake kilikuwa juu ya boneti kama mtu anayemtuliza ng'ombe mbele ya wageni.

Ipyana alieleza. Wanunuzi wa mchele walikuwa wamebadilisha masharti. Hawakutaka tena moshi katika safari ya punje yao. Kuanzia mavuno haya, kinu kingepokea mpunga ulioletwa kwa magari ya umeme tu, nayo yangechajiwa hapohapo kwa paneli za jua zilizofungwa juu ya ghala. Mwenye lori kuukuu angelileta, likapimwa uzito kama chuma chakavu, na thamani yake ikawa kianzio cha gari jipya. Asiyetaka kutoa lori angetafuta kianzio kwa njia nyingine. Kilichobaki kingekatwa kidogo kidogo kila msimu. Kujiandikisha ni mpaka Jumamosi.

"Na hayo malori yatakwenda wapi?" Masanja aliuliza.

"Yatakatwa kwa gesi, mzee Masanja. Vipande vikayeyushwe, vitoke nondo."

"Nondo."

"Nondo za kujengea. Wewe nimekuweka wa kwanza. Msimu uliopita hakuna aliyebeba kama wewe."

"Mpe, Masanja!" Isaka alidakia. "La kwako wakilipima watalipia kutu tu."

Kicheko kikarudi. Masanja alisubiri kiishe. Jibu alikuwa nalo, na alijua kwamba hakuna wa kulipinga.

"Ningetoa," alisema polepole, "lakini gari hili si langu. Limetoka kwa ng'ombe wa dada yangu. Bila kinywa chake siwezi kutoa hata kifuniko cha tangi."

Hapo hata Isaka aliacha utani. Wasukuma walioshuka na mifugo yao kutoka kaskazini mpaka Usangu waliacha mengi njiani, lakini hili hawakuliacha: ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka, na kilichotokana na ng'ombe hao dada ana neno juu yake mpaka anakufa. Leokadia alipoolewa na Nyanda, zizi la baba yao lilijaa. Badala ya kumtafutia Masanja mke, mzee aliwauza ng'ombe wale wote na kununua lori. Alisema mke anaweza kusubiri, barabara haisubiri.

"Basi muulize," Ipyana alisema kwa upole. "Ni dada yako. Simu si anayo?"

"Anayo."

"Ndaga, asante. Tutaonana Jumamosi."

Ukweli ni kwamba Masanja hakuwa na haja ya kumuuliza mtu; yeye mwenyewe ndiye hakulitaka. Ipyana alikuwa amempa gari lile aliendeshe kuzunguka uwanja, nalo liliteleza kama maji, bila gia, bila klachi, miguu yake ikitafuta kazi isiione. Aliteremka kama mtu aliyekula asishibe. Katika Bedford kila kitu kilikuwa na mahali pake na kilifanya kazi mbele ya macho. Kikilegea unakikaza, kikivunjika Gideoni wa Chimala anakichomelea huku wewe unakunywa chai. Gari lililoficha tumbo lake lilimtia mashaka, kama mgeni anayekula kwako siku nyingi bila kutaja kwao ni wapi.

Alijua pia kasoro za lori lake, na alizisamehe zote.

Mkewe hakuwa amezisamehe. Sarah alitoka milimani juu ya jiji la Mbeya, kwa wakulima wa viazi na watu wa kanisa, na kwa miaka mingi alikuwa amelisukuma lori lile. Lilikuwa haliwaki kwa ufunguo. Walilazimika kuliegesha kwenye mteremko juu ya nyumba, na siku mteremko usipotosha, familia nzima inatoka. Jumapili moja alilisukuma akiwa na joho la kwaya, wanakwaya wenzake wakipita, na lilipowaka likampulizia moshi mweusi kifuani. Aliimba ibada nzima amekunja mikono juu ya doa.

"Umempigia wifi?" aliuliza jioni, akichambua mchele.

"Nimempigia."

"Kasemaje?"

Masanja alikuwa amevua kiatu kimoja. Aliendelea na cha pili.

"Kakataa."

Sarah aliacha kuchambua. "Kakataa vipi? Neno kwa neno."

"Kasema..." Masanja alitazama kiatu. "Kasema ng'ombe wake hawachinjwi mara mbili."

Lilikuwa neno zuri, na lilimshangaza hata yeye mwenyewe kwa jinsi lilivyotoka limekamilika.

"Wifi kasema hivyo."

"Ndivyo alivyosema."

"Baba Charles, mavuno yanaanza mwezi ujao. Kinu kikifunga geti, tutambebea nani? Mimi nitarudi kwetu kumwambia nani kwamba tunalo gari?"

"Wapo wenye mpunga wao. Wapo wa mkaa. Barabara haiishi watu."

"Baba yangu ulimwambia hivyohivyo." Sauti yake haikupanda. "Wenzangu waliletewa ng'ombe, wakahesabiwa getini. Mimi baba alioneshwa lori. Akapewa ndama watatu na ahadi ya kubebewa viazi misimu miwili. Mahari yangu ilikuwa nauli."

"Viazi nilivibeba."

"Msimu mmoja. Wa pili lilikuwa bovu."

Akarudi kwenye ungo wake. Masanja alitoka nje, akazunguka lori akigonga matairi kwa mguu, kama alivyofanya kila jioni. Lilikuwa zima. Jumamosi ingepita, Ipyana angeandika majina ya wengine, na yeye angebaki na chake. Alijisikia mwepesi, na wepesi ule haukumfurahisha sana.

Alhamisi asubuhi alikuwa chini ya lori anakaza skrubu za propela, mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, pale alipoona miguu. Ilikuwa miguu ya mwanamke, viatu vya plastiki, kanga juu yake, na vumbi la safari mpaka kwenye vifundo. Kando yake pakawekwa ndoo ya nyanya.

"Mwangaluka, Masanja," sauti ilisalimia kwa Kisukuma. "Nasikia nimekataa."

Masanja alibaki chini muda mrefu kidogo kuliko alivyohitaji. Alipotoka, mikono imejaa grisi, Leokadia alikuwa amesimama wima, mrefu kama baba yao, mvi zimeanza kwenye paji. Alikuwa mjane. Yeye na marehemu Nyanda walihama Usangu zamani wakaenda Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo, na huko alilima nyanya.

"Dada. Umekuja na basi?"

"Nitakuja na nini tena? Gari langu liko huku."

Sarah alikuwa amefika mlangoni. Alipiga magoti kumwamkia wifi yake kama inavyotakiwa, na alipoinuka hakumtazama mumewe. Hapakuwa na haja ya kuuliza nani alipiga simu.

Waliketi kivulini upande wa lori. Chai ililetwa. Leokadia alikunywa bila haraka, akauliza habari za Charles chuoni, akauliza habari za mvua, na Masanja alijibu yote akijua kwamba kila jibu linamsogeza kwenye lile moja.

"Hilo neno la ng'ombe kuchinjwa mara mbili," Leokadia alisema mwishowe, "nimelipenda. Sarah kaniambia kwenye simu nikajiuliza, hivi mimi nina akili namna hii?"

Sarah aliziba mdomo kwa kanga.

"Nilikosea, dada."

"Ulikosea nini? Sema."

"Sikukupigia."

"Hujanipigia tangu tulipomzika Nyanda. Hilo si la wiki hii." Aliweka kikombe chini. "Kila mtu Igurusi anajua gari hili ni la nani. Mbele pale mmeandika. Soma."

Juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyekundu iliyofifia, paliandikwa ASANTE DADA.

"Nimelisoma miaka mingi," Leokadia aliendelea. "Basi nikuulize. Ndani ya kabini nimewahi kukaa?"

Masanja alifungua mdomo kujibu kwamba ndiyo, bila shaka, kisha akatafuta siku yenyewe. Alimwona dada yake juu ya magunia ya mpunga, mtoto mgongoni. Alimwona juu ya magodoro siku walipohamia Kalenga. Kabini alikaa mwenye mzigo, au mzee, au padri, au trafiki aliyeomba lifti.

"Tulipomchukua Nyanda hospitali Mbeya," Leokadia alisema, "mwezi wa sita, mbele walikaa wazee wa ukoo. Sawa, ni wazee. Mimi nilikaa nyuma na jeneza. Makambako baridi ilinishika mpaka nikalikumbatia sanduku kwa ajili ya upepo. Kichwani nikawa najiambia: tulia, Leokadia, uko kwenye gari lako."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu alichokwisha kulipa. Masanja alikuwa anafuta grisi kwenye vidole kwa tambara, kidole kimoja baada ya kingine, na alipomaliza alianza tena cha kwanza.

"Kwa hiyo unakubali likakatwe?" aliuliza.

"Nani kasema? Wewe ulisema nakataa, Sarah anataka nikubali. Mimi hakuna aliyeniuliza ninataka nini."

"Wifi, unataka nini?" Sarah aliuliza.

Leokadia aliinuka, akalizunguka lori. Alipiga bodi kwa kofi, akachungulia chini ya turubai, akavuta mlango wa nyuma ukagoma, akauvuta tena. Alikuwa mwanamke anayejua kununua.

"Nyanya zangu zinaoza mtoni," alisema akirudi. "Wenye magari wanakuja jua likishakuwa kali, wakiona tenga limelainika wanashusha bei, na anayepanga bei ni yuleyule mwenye gari. Catherine wangu anaendesha pikapu ya mtu, anabeba nyanya za watu wakati zangu zinasubiri. Kalenga hakuna kinu cha kuniuliza habari za moshi. Siku watakapouliza, nitajibu siku hiyo."

Alikaa.

"Masanja, una ng'ombe zizini."

"Ni wa Charles. Wa kuoa."

"Nawajua. Sasa sikia. Ukitaka gari hili liwe lako, la kwako kabisa, nipe ng'ombe hao. Sitahesabu kwamba ni wachache kuliko wangu. Nitawauza njiani, nitatafuta usafiri mwingine, na wewe utafuta hayo maandishi, uandike unachotaka. Usipotaka hivyo, nipe gari langu, na ng'ombe wawe kianzio cha hilo la umeme. Chagua moja. Kukaa na vyote viwili umekwisha kukaa sana."

"Na Charles?"

"Charles ni mtoto wangu pia. Akitaka kuoa, aje Kalenga aone nyanya zimezaa nini. Mimi niliwahi kumnunulia mtu lori, sitashindwa ndama."

Sarah alikuwa ameshika mkono wa sufuria ya chai na hakuuachia, ingawa ulikuwa wa moto.

Masanja aliondoka akaenda zizini. Wanawake wawili walimtazama akiegemea mti wa lango. Alipanga moyoni kuchagua ng'ombe watoke, lori libaki. Alijua afanye nini ikiwa hivyo: angelipaka lori rangi upya, bluu, kama lilivyokuja, na Gideoni angelitengeneza starta, na asubuhi angeliwasha kwa ufunguo, mwenyewe, lake. Halafu? Alijiona kwenye usukani, injini ikiunguruma vizuri, akiwa kwenye mteremko juu ya nyumba. Alijaribu kujiona anakwenda mahali. Kinu kilikuwa kimefungwa kwake. Wenye mpunga wao walikuwa wachache na wa mkaa walikuwa wanakimbia askari wa misitu. Lori lilibaki palepale kwenye mteremko, zuri, na kuku walikuwa wanapanda kulala juu ya bodi.

Wazo jingine lilimjia bila kuitwa. Huko Kalenga lingebeba.

Alirudi, akapita kivulini bila kusimama, akafungua mlango wa abiria. Kwenye kiti kulikuwa na jeki, kamba, galoni la maji na shati lake. Alivitoa vyote kimoja kimoja akavitupa nyuma. Alichukua ndoo, akafuta kiti kwa maji, halafu kwa shati kavu.

"Mama Charles," alisema, mgongo umewageukia, "mwambie Ipyana aje kuwaona ng'ombe kabla ya Jumamosi. Yule mwekundu asimpunje, ana mimba."

Kisha akageuka.

"Panda, dada. Njia ni ndefu."

Lilisukumwa na Sarah na majirani wawili. Safari hii Sarah alijifunga kanga kuukuu kabla ya kusukuma, na lori lilipowaka alibaki katikati ya moshi akicheka na kukohoa, machozi yakimtoka, asiweze kusema ni ya moshi au ya kitu kingine.

Njiani Leokadia alishika dashibodi kwa mikono miwili mpaka Chimala. Baadaye alilegea. Aliuliza hiki ni nini na kile ni nini, akavuta kamba ya honi kwenye daraja, akashtuka mwenyewe. Injini ilipasha sakafu joto, na walipoanza kupanda kuelekea Makambako alivua viatu akaweka nyayo juu ya bati.

"Kumbe huku kuna moto namna hii," alisema.

"Ni kwa sababu ya injini. Iko hapa mbele ya miguu."

"Nyuma hatukujua."

Masanja alibadilisha gia. Alitaka kusema jambo, akalitafuta njia nzima ya Makambako, na ya Mafinga, ndani ya ukungu wa misitu ya mipaina. Aliloliona linafaa lilikuwa dogo.

"Ningekuwa nimekuweka mbele."

"Ungekuwa," Leokadia alisema. "Tazama barabara."

Kalenga walilala. Kulipokucha, Masanja alikaa na Catherine ndani ya kabini na kumweleza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mwenye mikono mipana, na alisikiliza bila kumkatiza. Gia ya pili haitaki nguvu, inataka subira. Usiifuate, iache ikufuate. Breki ipige kidogo kidogo kabla ya kuihitaji. Likichemka lisimwagiwe maji baridi, lisubiriwe. Usiliegeshe tambarare.

"Mjomba, unanikabidhi gari au unanioza?" Catherine alimuuliza.

"Sikiliza tu."

"Nasikiliza. Umesema gia ya pili mara nne."

Matenga ya nyanya yalipakiwa, mistari juu ya mistari, na turubai likafungwa. Yangepelekwa Ipogolo kandokando ya barabara kuu, ambako malori ya Dar es Salaam husimama kununua, na yangefika jua likiwa bado changa. Leokadia alijifunga kitambaa kipya kichwani, akapanda mbele bila kusaidiwa. Vijana wa jirani walisukuma. Likakohoa, likashika.

"Hupandi, mjomba?" Catherine aliita.

"Nendeni. Nitakuja na teksi ya Noah baadaye, nikamate basi."

Lori likaondoka. Masanja alibaki barabarani, mikono mitupu, katika harufu ya majani ya nyanya, na hapo ndipo alipotambua kwamba tangu ujana wake hajawahi kulisikia likienda. Siku zote alikuwa ndani yake. Hakujua kwamba kwa nje lina sauti nzito hivi, yenye mkwaruzo wa chini kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema, wala kwamba sauti hiyo inagonga upande wa pili wa mto na kurudi. Watu wa mtoni waliinua vichwa. Mwanamke mmoja alisema, "Leo Leokadia kapata gari," na mwenzake akajibu, "Kapata! Ni lake lile."

Lilifika chini ya kilima. Masanja alilisikia likizidiwa, pumzi zikifupika, na mguu wake wa kushoto ukakanyaga vumbi mahali ambapo klachi haikuwepo. Bado, alinong'ona. Bado. Iache ikufuate. Lori lilizidi kulalama, likakaribia kukata tamaa, likawa kimya kwa kitambo ambacho moyo unaweza kukaa bila kupiga.

Kisha gia ya pili ikaingia, laini, na lori likaanza kupanda.